Uso Usio na Tamthilia

Mama yangu hakuja kwenye harusi yangu kwa sababu ofisi ya viza iliamua kwamba akishafika hatarudi. Mama, ambaye akilala nje ya nyumba yake usiku mmoja anaanza kuulizia kuku wake! Aliponipigia simu kunieleza, alikuwa akicheka kile kicheko chake cha hasira. "Nikae huko nifanye nini? Hapa nina gunia zima la nguo za watu. Nani atanishonea?" Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi cha Coventry Road, huku Birmingham, mfuko wa viazi vitamu miguuni, nikalia mbele ya watu bila haya. Ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni, na basi langu likapita nikiliangalia.

Pale pale kituoni nikaamua jambo moja. Kama mama haruhusiwi kuingia nchi hii, basi ataingia kanisani pamoja nami kwa njia nyingine. Nitaingia kwa wimbo wetu, naye ataniona na kuusikia moja kwa moja kule Nakuru, kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, na nikifika mbele atapiga vigelegele kama mama yeyote wa bibi harusi. Mengine yote, keki, maua, rangi ya tai za wanaume, kamati ya harusi ingeamua ilivyopenda. Hilo moja sikuwa tayari kulitoa.

Wimbo wetu ulikuwa wa tamthilia ya Kifilipino. Ngoja nieleze kabla hujacheka.

Mama ni fundi wa nguo, na chumba chake cha kushonea ndicho kilikuwa sebule yetu. Mwaka ule baba alikuwa amekwenda zake na hakuna aliyetuambia anarudi lini. Mama alishona tangu kunapokucha, lakini jioni ikifika saa ya tamthilia, cherehani ilinyamaza. Wateja walijua. Ukija saa hiyo unaketi juu ya vitambaa, unanyamaza, unatazama pamoja nasi yule kijakazi anayeteswa na matajiri bila kujua kwamba nyumba ni yake. Wahusika walikuwa wamebandikwa Kiingereza, midomo ikienda huku na maneno yakienda kule, lakini wimbo wa kufungulia uliachwa katika lugha yao. Hatukuelewa hata neno moja. Mama alisema wimbo ule ndio kitu pekee katika hadithi nzima ambacho hakidanganyi.

Mimi niliimba sauti ya juu, ya yule mwigizaji mrembo. Mama hakuipenda hiyo. Yeye alishika sauti ya chini, ile inayosikika nyuma kwa mbali kama mtu anayeimba akiwa jikoni. "Huyu wa mbele anajipamba," alikuwa akisema. "Mwenye uchungu ni huyu wa nyuma." Na kweli, saa ile ndiyo pekee niliyomwona mama uso umelegea. Kwa hiyo asije mtu kuniambia ni wimbo wa televisheni tu.

Miaka ikapita, nikawa muuguzi, nikajikuta Birmingham katika hospitali kubwa karibu na Harborne. Nusu ya wodi yetu ni sisi Waafrika na nusu ni Wafilipino, na Waingereza wachache wa kutuonyesha maegesho yako wapi. Siku moja nilikuwa natandika kitanda na mwenzangu Mfilipino, mama mfupi mwenye mikono ya haraka, ambaye hadi hapo tulikuwa tumezungumza habari za shuka na dripu tu. Nikajisahau nikaanza kuvumisha wimbo ule. Akasimama na foronya mkononi. Halafu, bila kunitazama, akaingia chini yangu kwa ile sauti ya nyuma. Sauti ya mama. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kama redio inaweza kuongezwa sauti.

"Umeujulia wapi?" aliniuliza. Alisema kwa Kiingereza, kama tulivyozungumza siku zote, hapa namtafsiri.

"Nyumbani, Kenya. Na wewe?"

"Mimi niliuimba kabla ya yule mwigizaji," alisema, akavuta shuka likakaza.

Ilichukua milo mingi ya mchana kupata hadithi nzima. Yeye aliniletea tambi zao za kukaanga, mimi chapati, na kati ya mlo na mlo akanieleza jinsi kazi ile inavyofanywa kwao. Televisheni iliyotoa tamthilia ile haitengenezi tamthilia tu. Ina kampuni yake yenyewe ya kurekodi nyimbo, ndani ya ua uleule. Tamthilia haianzi bila wimbo wake. Mtunzi anaitwa, anaambiwa binti atalia wapi na atabusiwa wapi, naye anashona wimbo kwa vipimo hivyo. Anayeuimba ni mwigizaji wa mle mle, hata kama hajui kuimba, kwa sababu uso wake ndio utakaouza sahani za muziki. Jioni analia kwenye hadithi, Jumapili mchana anaimba kwenye kipindi cha burudani cha televisheni ile ile, na Jumatatu watu wako dukani. Pesa inazunguka ndani ya nyumba moja na haitoki nje hata kununua chumvi.

Sasa, mwigizaji asiyejua kuimba anajifunzaje wimbo? Hapo ndipo rafiki yangu alipoingia. Alikuwa msichana mwenye sauti aliyechukuliwa na kampuni ile akitumaini siku moja kupata wimbo wake. Kazi aliyopewa ilikuwa kuimba kwanza. Anaimba wimbo wote, vizuri kabisa, unarekodiwa. Kisha nyota anavaa vifaa vya masikioni na kumfuata, pumzi kwa pumzi, hata pale anapovuta neno. Nyota akimaliza, sauti ya rafiki yangu inafutwa. Wakati mwingine wanabakiza kidogo huko nyuma, kuziba nyufa. Kwenye wimbo wetu walibakiza.

Aliomba wimbo wake mara nyingi. Mwishowe mkubwa mmoja akamjibu waziwazi. "Sauti unayo," alimwambia, "lakini uso wako hauna tamthilia."

Nilipolisikia hilo niliweka chapati chini. Nilitamani nimpate mtu huyo kwenye wodi yangu, akihitaji sindano. Rafiki yangu alicheka tu. Aliacha studio, akasomea uuguzi, akapanda ndege, na akaapa kwamba wimbo wa kampuni ile hautatoka tena mdomoni mwake mbele ya watu. Bafuni, sawa. Wodini akijisahau, sawa. Wenzake wa Kifilipino wana sherehe zao ambamo kipaza sauti kinazunguka sebuleni na hakuna anayeponyoka. Yeye hukimbilia jikoni kukaanga vitu. Wote waliamini hajui kuimba. Nilimsihi aniimbie siku ya harusi, nikamsihi tena.

"Niombe kitu kingine chochote," alisema. "Nikushonee gauni, nikupikie. Lakini kusimama tena kwenye kivuli cha yule mwanamke, hapana."

Sikumlaumu. Iliniuma, lakini sikumlaumu.

Ikabaki kamati. Mkenya akioa au kuolewa hata kwenye mwezi, kamati itaundwa huko. Yetu ilikutana Hodge Hill, nyumbani kwa mwenyekiti, muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Auntie, mwenye sofa zilizofunikwa vitambaa vya kufuma na msimamo juu ya kila jambo. Mjumbe mwingine mkuu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Small Heath, Mkongomani wa Bukavu, ambaye pia ndiye anayeshika vyombo vya sauti na kurusha ibada mtandaoni. Niliposema nataka kuingia kwa wimbo gani, Auntie aliweka kikombe chini.

"My dear, hiyo ni wimbo ya soap opera. Unataka tuingie kwa nyumba ya Mungu na soap?"

"Ni wimbo wa mama, Auntie."

"Mama ako anaweza chagua ingine. Ziko nyingi sana kwa kitabu."

Mwalimu wa kwaya alikuwa mpole zaidi, lakini hakunisaidia. "Dada, iko muzuri, niko nasikia. Mais haiko ya Mungu. Batu batasema kwaya yetu njo inaimba mambo ya télé."

"Basi tupige kura," Auntie akasema. Mikono ikapanda sebule nzima. "Umeona? Wengi wape."

"Wapeni wengi keki," nikasema, nikasimama. "Wapeni maua, wapeni na rangi za tai. Wimbo ni wa mama yangu, na mama yangu tayari amenyimwa viza. Mkimnyima na hili, nitafunga ndoa kwenye ofisi ya serikali pale mjini, na hiyo pilau mtakula wenyewe mkitazamana."

"Sikio la kufa!" Auntie alimwambia mchumba wangu, kana kwamba sipo. "Ongea na mtu wako."

Mchumba wangu alikuwa amekaa pembeni na sahani ya mandazi. Ni mtu wa maneno machache. "Mimi nitasimama pale mbele," alisema. "Yeye aingie na anachotaka. Mimi nitakuwa pale pale."

Ilibidi mchungaji aingilie kati kwa simu. Akaamua hivi: wimbo upigwe kwa rekodi, wakati wa kuingia tu, kabla ya sala ya kufungua, na kwaya isiuguse. Auntie alikubali akiwa amekunja uso. Mwalimu wa kwaya, kwa roho safi, akaununua wimbo ule mtandaoni kwa pesa yake. "Nimeinunua," aliniambia kwa fahari, "sasa iko ya sisi." Nilimshukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba wimbo wa kampuni kama ile ukiununua unanunua ruhusa ya kuusikiliza tu, na kwamba kwenye mtandao kuna mashine isiyolala inayotega sikio dunia nzima kuwasikilizia wenye mali. Tulizoea kurusha tenzi, na tenzi hazina wa kuzidai.

Siku yenyewe kulikuwa na mvua nyepesi, na gari letu lilikwama Coventry Road nyuma ya basi mpaka mama mmoja wa Kisomali akatoka dukani kwake, akagonga kioo na kunibariki. Kanisa lilikuwa limejaa. Kule Nakuru sebule ya mama ilikuwa imejaa pia. Majirani walikuwa wameketi juu ya vitambaa kama zamani, na simu imeunganishwa na televisheni. Auntie alikuwa kwenye safu ya kwanza, ameshika simu nyingine iliyompigia mama, ili vigelegele vyake visikike kanisani. Hilo alilikubali mwenyewe. Auntie si mtu mbaya, ni mwenyekiti.

Mlango ukafunguliwa, wimbo ukaanza. Nikasikia ile sauti ya juu inayojipamba na ile ya nyuma yenye uchungu, zikitoka kwenye spika za kanisa la Small Heath. Nikaanza kutembea. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia sauti ya mama kutoka mkononi mwa Auntie, si kigelegele. Alikuwa anaita.

"Mmezima! Mbona mmezima? Tunaona maandishi tu!"

Nikasimama. Wimbo uliendelea. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinamia mashine zake jasho likimtoka, kisha akanyoosha kichwa. "Dada, bamefunga! Inasema muziki iko ya compagnie ya télé, ya kule kwabo!"

"Endelea tu," Auntie alininong'oneza kwa nguvu, akinipungia mkono. "Mama ataona video baadaye. Endelea!"

Baadaye! Mama aliyefungiwa mlango wa uwanja wa ndege, sasa amefungiwa na mlango wa kanisa, na watu ambao hawajui hata kama yupo! Nikamwambia mwalimu wa kwaya, kwa sauti iliyofika kila benchi, "Zima."

Akazima. Kisha nikafanya kitu ambacho wazee wetu wanasema bibi harusi asikifanye kamwe. Niligeuka. Nilishika gauni langu mikononi nikarudi mlangoni, mgongo kwa madhabahu. Nilisikia watu wakivuta pumzi, na mtu mmoja akataja mkosi. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nilipofika mlangoni nikageuka tena, na mbele kule mchumba wangu alikuwa amesimama pale pale kama alivyosema.

"Image imerudia!" mwalimu wa kwaya akasema. "Bila ile muziki, imerudia!"

"Auntie, mama anatuona?"

"Anaona," Auntie akajibu, simu sikioni. "Anauliza mbona umerudi mlangoni."

"Mwambie sijaingia bado."

Sikuwa na mpango. Nilifikiri nitaimba mwenyewe, na mimi naimba vibaya nikiwa nalia. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ya kukwaruza. Manesi Wafilipino walikuwa wamejaza benchi moja upande wa kushoto. Rafiki yangu alikuwa mwisho wa benchi, karibu na njia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama zile mashine za mwalimu wa kwaya.

"Wale wa kampuni bado wanasikiliza," alisema polepole. Akacheka kidogo, kicheko ambacho nilikijua, maana ni kama cha mama. Akampa jirani yake mkoba amshikie, akainuka.

Akaimba. Wimbo wote, sauti ya juu, bila ala, na hakujipamba hata kidogo. Alivuta neno pale lilipovutwa kwenye televisheni yetu, kwa sababu uvutaji ule ulikuwa wake tangu mwanzo. Benchi la Wafilipino lilibaki midomo wazi. Mmoja alimshika mwenzake mkono akawa anamtikisa. Nami nikatembea. Nilipofika mahali pale pale pa katikati nilipokatiziwa, nilimkazia macho Auntie, naye akaitikia kwa kichwa: bado wanaona, bado wanasikia. Alikuwa ameinua ile simu juu kabisa, asikose hata neno.

Kisha wale wanakwaya wa Bukavu na Goma, waliokatazwa kuugusa wimbo ule, wakashindwa. Mkongomani humwambii anyamaze mahali penye wimbo mzuri usio na besi. Ilianza besi moja, ya chini sana. Mwalimu wa kwaya aligeuka kuwakemea, akasikiliza, akainua mkono, na badala ya kuukatisha akaanza kuongoza. "Quand même," alisema, yaani hata hivyo. Waliimba bila maneno, kwa kuvumisha tu, na paa la kanisa likajaa.

Nilipofika mbele, kigelegele kikatoka kwenye ile simu, kirefu, kikali, kigelegele cha mama yangu cha Nakuru, na nyuma yake sebule nzima. Nilimshika mume wangu mkono kwa nguvu hata akaguna.

Mashine ya kampuni haikusema neno. Ilikuwa inamtegea sikio yule nyota, na sauti hii haikuijua. Hawakuwahi kuijua.

Ukumbini, wakati wa pilau, Auntie alikuwa bado anawaeleza watu kwamba yeye binafsi alipinga. Mama akapiga simu. Nilitegemea aulize kwa nini nilirudi mlangoni, au aseme gauni limekaa vibaya mgongoni, maana fundi ni fundi. Hakuuliza hayo.

"Yule aliyeimba," alisema, "mlimtoa wapi?"

"Ni mwenzangu wa kazini, mama."

"Hapana. Yule namjua. Yule ndiye wa nyuma."

Sikuwa nimemwambia. Naapa, sikuwahi kumwambia mama hata neno moja kuhusu studio, kwa sababu hadithi ile haikuwa yangu kuitoa. Kisha nikapita katikati ya meza, nikamkuta rafiki yangu akila na wenzake wanaomshambulia kwa maswali, nikamweka simu sikioni. Mama ana Kiingereza chake alichojifunza kwenye tamthilia zile, cha kuigiza kidogo, na nilikisikia kikivuja.

"Mimi nakujua," mama alimwambia. "Nimeimba na wewe miaka mingi. Wewe ndiye wa nyuma."

Rafiki yangu aliacha kutafuna. Kijiko kilikaa hewani, machozi yakamjaa, yakamwagika, asiyafute. Alinirudishia simu.

"Mwambie mama," akasema, "leo nilikuwa mbele."